Maneno Yangu Asipewe Onizuka

Sogeeni karibu, Teiji na Fumie, wanangu, na msinililie kabla sijamaliza kutukana.

Huyu Onizuka, mwenye jumba la sinema, aliyekuja asubuhi na tikitimaji lake la bei mbaya akainama mpaka paji likagusa mkeka, hakuja kuniuguza. Analitaka daftari langu la masimulizi, kwa sababu filamu yake bubu ya yule mjane wa milimani imekuwa adimu na watu wanaililia, nayo haina hata neno moja la maandishi, maana enzi zetu maneno yote yalitoka kinywani mwa msimulizi aliyesimama kando ya pazia, na msimulizi nilikuwa mimi. Eti, "Kagetsu ndugu yangu, ya zamani tuyasahau." Nisahau? Si ndiye aliyeninywesha sake akisema, "Sauti hii tuitie kwenye santuri, wajukuu waje waisikie," nami kichwa kikanivimba, nikaisimulia filamu nzima mbele ya mtambo wake, na kesho yake akanifungia mlango? "Sauti ninayo," akasema, "hilo tumbo lako la kula wali nilifanyie nini?" Alipozipiga ukumbini, santuri zikaachwa nyuma na picha: mjane keshazikwa, sauti yangu ndiyo kwanza inamvika kimono cha harusi! Watu wakacheka mpaka wakalia, na aliyechekwa ni mimi, ingawa santuri alizivunja yeye mwenyewe kwa hasira. Zilipofika sinema za sauti, Osaka nzima hakuna aliyenitaka. Nikauza tambi barabarani, na mama yenu akafa mikono imechubuka kwa kuosha mabakuli.

Basi shikeni hili. Teiji, nyumba ni yako, na paa linalovuja ni lako vilevile. Daftari liwekeni jenezani, tuungue pamoja mtakapouchoma mwili wangu. Fumie, wewe unayo yote kichwani, nilikufundisha kwa makusudi. Siku atakapoionyesha filamu yake bila msimulizi, simama ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake, usimulie bure, kwa sauti ya tumboni, mpaka watazamaji watoke mmoja mmoja kukufuata, abaki na viti vyake.

Niinue kidogo, Teiji... hapo. Nawabariki, wanangu. Mle mshibe, mpendane, koo zenu zisikauke...

Na yeye akitoka, Fumie... akivuka barabara aje kusikiliza... usimtukane. Nyamaza. Mtazame tu... mpaka aondoke. Halafu endelea.