Supu Tu Inatosha

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya duka la sigara lililofungwa miaka mingi, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Omachi, na mwenyeji wake mkuu ni mashine ya kahawa. Unaitumbukizia sarafu, inaguna, inatema kopo la moto, nawe unalishika kwa mikono miwili kama uliyekabidhiwa kifaranga. Wenyeji wengine ni binadamu, na hao ndio wenye matatizo. Kuna Profesa, aliyekuwa karani wa shule, ambaye hutazama kila kipindi cha mapishi kwenye televisheni akiwa na daftari mkononi ilhali hajawahi kukaanga hata yai. Kuna Mkeka, fundi wa mikeka ya tatami, mtu wa maneno machache na yote ya kuchoma. Kuna Bati, kijana wa miaka ishirini na tatu anayeezeka mapaa, aliyeiacha shule kabla shule haijamwacha yeye; siku za barafu, paa likiteleza, huja kijiweni kuwapa wazee elimu. Na kuna Filimbi, jina la kwenye kitambulisho Kuramochi Teiji, aliyepuliza filimbi pale stesheni miaka arobaini na hakuchelewesha treni hata moja. Asubuhi hii ya Novemba Filimbi alifika wa mwisho, kakumbatia chupa ya chai kifuani, na hakununua kahawa.

Alikaa. Akafungua chupa, akamimina kitu cha rangi ya udongo kwenye kifuniko, akampa Profesa.

— Onjeni.

Profesa alinusa kwanza, kama wanavyonusa wale wa kwenye televisheni, akanywa tone moja, akakipitisha kifuniko haraka kama kina deni la mtu. Mkeka alionja, akamwaga kilichobaki kwenye mtaro. Bati, kwa kuwa alikuwa Bati, alijimiminia kingine, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, akafumba macho, akakaa hivyo muda.

— Mzee, alisema, hii ni supu au umesuuza nanga?

Siku nyingine Filimbi angemjibu. Leo alikifunga kifuniko polepole, akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

— Shemeji hajarudi tu kutoka kwa dada yake? Mkeka aliuliza.

— Hakwenda kutembea, Filimbi alisema. Ameondoka.

Siku tisa alikuwa akiwaambia kwamba mkewe, Yasue, kaenda Itoigawa, pwani, kumwona dada yake, na siku tisa walikuwa wakiona mashati yake hayana pasi na wakijikausha. Sasa aliwaeleza, akitazama viatu vyake. Jioni ile Yasue alirudi kutoka kwa daktari wa meno, kavimba shavu, akasimama mlangoni mwa jiko akamuuliza mumewe atakula nini. Filimbi alikuwa anasoma gazeti. Hakuinua macho. Alisema, kwa nia njema kabisa, ili mwenzake asihangaike:

— Supu tu inatosha.

Yasue aliyarudia maneno hayo mara moja, kwa sauti ndogo. Akavua aproni. Hakuitundika msumarini, aliikunja, akaiweka juu ya gazeti la mumewe, juu ya mistari ileile aliyokuwa akiisoma. Treni ya saa mbili kasoro ikamchukua.

— Umeyakanyaga, Profesa alisema. Neno ni hilo *tu*. Ungesema, nataka supu, leo ungekuwa mfalme umeegemea mto. Umesema supu *tu*. Maana yake supu si kazi. Maana yake inajitokeza yenyewe kwenye bakuli.

— Nilitaka apumzike.

— Ndiyo umempumzisha. Sasa amepumzika kwa dada yake.

Filimbi aliyameza hayo, kwa sababu lililomleta lilikuwa kubwa zaidi. Yasue alipiga simu alfajiri hiyo. Hakuuliza habari za nyumbani wala za maua yake. Alisema atafika na treni ya saa tano na dakika arobaini, achukue nguo zake za baridi, arudi na treni ya saa saba. Kisha akasema kwaheri kwa adabu, kama anayezungumza na mtu wa benki.

— Nguo za baridi si neno baya, Bati alisema. Baridi imeingia. Anataka sweta.

Mkeka aligeuza kopo lake mara mbili mikononi.

— Wangu naye alikuja kuchukua nguo za baridi, alisema. Machipuko yalipofika alituma mtu achukue za joto.

Huko juu milima ilishavaa nyeupe mpaka mabegani, na Filimbi, aliyekuwa akiitazama kila mwaka kwa raha, aliiona kama vile inamsogelea. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na majira yote ya baridi yanayokuja yangeingia kwenye sanduku moja na kupanda treni ya saa saba. Tangu alfajiri alihangaika kuzuia hilo kwa njia pekee aliyoiona: mkewe akifika akute supu mezani, imepikwa na yeye aliyesema ni supu tu. Kilichotokea ndicho hicho kilichokuwa kwenye chupa.

Profesa alitoa daftari. Akaanza kumhoji kama polisi wa trafiki.

— Maji ya dagaa ulitengeneza?

— Nilichemsha dagaa wakavu, wale anaowaweka kwenye mtungi.

— Uliwaloweka tangu jana?

— Jana nilikuwa sijui kama anakuja.

— Vichwa na matumbo ulitoa?

— Ya nani?

— Ya dagaa, ndugu yangu. Kichwa na tumbo ndivyo vinavyotia uchungu. Vinatolewa kwa kucha, mmojammoja.

Filimbi akamwona Yasue akilini, jioni zote hizo, kakaa mezani, kipande cha gazeti la jana mbele yake, vidole vikichuna, vikichuna, kilima kidogo cha vichwa vyeusi upande wa kushoto. Miaka yote alidhani ni mchezo wa mikono, kama wengine wanavyofuma. Mara moja aliwahi kumwambia asogee, anamzibia televisheni.

— Na miso, rojo la soya, uliitia lini? Profesa aliendelea.

— Mwanzo kabisa. Nikaiacha ichemke nusu saa, ikolee.

Profesa alilifunga daftari bila kuandika. Miso, alieleza kwa uchungu wa kweli, huyeyushwa mwishoni, moto ukiwa umezimwa au umekaribia, na ikishachemka harufu yake yote huondoka, hairudi hata kwa kubembelezwa. Bati alisema hiyo ni nadharia ya watu wasio na njaa. Yeye huko juu ya mapaa hupika supu kwenye birika la umeme, anatia miso, soseji tatu, unga wa kari na kinywaji cha kuongeza nguvu nusu kopo, na mademu wawili, waliokuwa hawajuani, waliionja siku tofauti na wote wakataka kujua ana shamba kiasi gani.

— Na wako wapi hao wawili? Mkeka aliuliza.

— Niliwaambia nipo bize.

— Nao tumbo likawabana.

Filimbi aliomba watu wawe watu. Saa nne na dakika arobaini. Dagaa wengine alikuwa nao, kucha alikuwa nazo, muda ungetosha akianza sasa. Alichotaka wamwambie ni kimoja: ndani ya supu aweke nini. Lilikuwa swali dogo, na ndilo lililowasha moto.

Profesa alisema tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, na mwani, maana ndiyo supu yenyewe, ya heshima, haina kosa. Bati alisema tofu na mwani ni supu ya hospitali. Mtu amekuja kuvunja ndoa unampa chakula cha mgonjwa? Weka nyama ya nguruwe, figili, karoti, kiazi, mtu ashibe alale, treni impite. Mkeka alisema kome, kisha akajipinga mwenyewe: ametoka pwani, kome amekula siku tisa, akiwaona tena atakumbuka bahari na kuitamani. Profesa akasema bila kuulizwa kwamba tatizo halipo kwenye supu hata kidogo, lipo kwenye sufuria. Sufuria lililoshikwa na mkono mmoja miaka thelathini na minane linamjua mwenyewe; Filimbi alipolishika alfajiri, sufuria lilikasirika, na ndiyo maana supu ikawa chungu. Aende akaliombe radhi kwanza.

— Dakika moja iliyopita ulisema ni matumbo ya dagaa, Filimbi alisema.

— Ni vyote viwili.

Bati alisogea mpaka ukingo wa benchi. Sasa aliipata ile ya kweli, alisema. Mzee asipike vizuri. Apike vibaya kuliko hii, amwage, aunguze, achome hata pazia kidogo. Shemeji akiingia akute moshi, akute mtu mzima kakaa sakafuni na kijiko. Atamnyang'anya kijiko. Mwanamke akishakinyang'anya kijiko, kwisha, harudi Itoigawa.

— Unataka arudi kwa kumhurumia? Filimbi aliuliza.

— Nataka arudi, mzee. Wewe hutaki?

— Na sanduku la nguo ulifiche, Profesa aliongeza, ambaye sasa alikuwa amesimama. Zitoe nje funguo za kabati. Useme zimepotea. Theluji ikifunga reli...

— Reli ya hapa haijawahi kufungwa na theluji mimi nikiwa zamu, Filimbi alisema, na sauti yake ilipanda mpaka mbwa wa ng'ambo akainua kichwa. Nawauliza kitu cha kuweka kwenye supu. Nyinyi mnaniambia nichome nyumba, nimfungie mke wangu nguo. Kuna hata mmoja wenu anayepikiwa nyumbani leo? Hata mmoja?

Hilo lilikuwa zito mno kwa asubuhi. Mkeka aliangalia pembeni. Profesa, aliyekuwa akila mkate wa dukani tangu mkewe augue, alikaa chini taratibu. Bati aliinuka akaenda kwenye mashine, maana alihitaji mahali pa kwenda. Alibonyeza. Taa nyekundu. Akabonyeza chini yake. Nyekundu.

— Imeisha, alisema. Yote ya moto imeisha.

Saa nne na dakika hamsini na tano. Gari la kampuni lilisimama kando ya barabara, akashuka mwanamke wa makamo mwenye ovaroli ya bluu, beji mpya kifuani yenye jina Sonobe, na kitoroli kimepakiwa katoni za makopo. Aliinama kuwasalimu, akaomba radhi kwa kuchelewa, ni siku yake ya kwanza njia hii na mitaa ilikuwa imemzungusha. Akaifungua mashine kama kabati, akaanza kupanga makopo safu kwa safu. Nyuma yake ubishi uliwaka tena, kwa sauti ya chini safari hii lakini kwa meno: Profesa na tofu yake, Bati na nguruwe wake, Mkeka akisema uyoga, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema uyoga. Filimbi alikuwa ameshainuka, chupa kwapani, akiwasikiliza mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyepotea anayeuliza njia kwa waliopotea.

Mwanamke alifunga mashine. Akafuta vidole kwenye kitambaa.

— Samahani, nimesikia bila kukusudia, alisema. Huyo mama, yeye mwenyewe anapenda supu ya nini?

— Swali jepesi hilo, Profesa alisema, akamgeukia Filimbi.

Filimbi alifungua kinywa. Jumatatu ilikuwa tofu na vitunguu majani. Katikati ya wiki bilinganya, wakati wake ukifika. Siku za baridi figili na tofu iliyokaangwa, iliyokatwa nyembamba. Alizitaja moja moja, kwa uhakika, kama alivyokuwa akizitaja stesheni za mpaka Matsumoto bila kutazama ubao. Alipofika ya mwisho alisimama.

— Viazi huwa hapiki, alisema. Mimi sivipendi.

— Na yeye? mwanamke aliuliza.

Filimbi alimtazama, kisha akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba huenda katika siku hizo zote za kijiweni aliwahi kuwaambia na kwamba wangemkumbusha. Profesa alilipekua daftari, ukurasa kwa ukurasa, ingawa alijua halimo. Mkeka alikuna goti. Bati, mwenye jibu la kila kitu tangu azaliwe, aliokota kopo tupu la mtu mwingine akalitupa mahali pake.

— Miaka thelathini na minane, Filimbi alisema, si kwa mtu yeyote.

Akaiweka ile chupa ya chai kwenye benchi. Nyumbani kulikuwa upande wa kulia, mteremko wa dakika tano, na dagaa mtungini wakimsubiri na vichwa vyao. Alikata kushoto, kuelekea stesheni. Bati alimwita, mzee, bado dakika arobaini na ushee, utaganda pale nje. Hakugeuka. Mama muuza mboga wa kwenye kona alikuwa akitandaza figili mlangoni, akamuuliza leo amfungie nini.

— Sijui bado, Filimbi alisema. Ndiyo nakwenda kumuuliza.