Wambua Ngui na Kinga Yake ya Kifua (1996–2025)

Wambua Ngui alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 huko Kangundo, kifungua mimba wa Kamene na marehemu Ngui. Alizaliwa na mama mmoja, na waliokuwepo wanajua. Wasifu huu umeandikwa na mama huyo na unasomwa na dada wa marehemu, Kasyoki.

Alisoma shule ya msingi Kawangware, walikohamia mwaka 2001, akamaliza kidato cha nne mwaka 2014. Hesabu ilimshinda, lakini jicho lake halikukosea. Akiwa mdogo alikuwa akisimama mlangoni na kumwambia mamake, ambaye ni fundi cherehani, kwamba pindo la pazia limekwenda upande. Mamake alifumua akashona upya.

Alifanya kazi ya kushona makochi kando ya barabara, Kileleshwa. Mteja wake mmoja, Bi. Nyakio Kihara, tunayemwita Mama Shiru, alimwita nyumbani kwake, mtaa wa Karen, kurekebisha viti, na huko Wambua akaona watoto wakicheza besiboli. Mwaka 2017 akawa mwamuzi, yule anayesimama nyuma ya mdakaji. Mpira ukimponyoka mdakaji, humjia yeye kifuani.

Kinga ya kwanza aliyopewa uwanjani ilikuwa ya kizamani: mto mkubwa wa hewa, unaoshikwa mbele kwa mikono. Tena ulikuwa na pancha. "Refa, leo umekuja na mlango wa nani?" wachezaji walimuuliza. Akitaka kuinama auone mpira wa chini, mto ulimzuia. Ndipo mamake alipompima akamshonea nyingine, ya kuvaliwa ndani ya shati. Alinunua sponji katikati ya jiji, akaikata vipande na kuvitenganisha kwa mishono ili mwanawe aweze kuinama. Mpira ulipomgonga begani, Kamene aliongeza mabawa ya mabega. Ulipomgonga chini ya koo, akaongeza kipande na hapo.

Mwaka 2021 Mama Shiru alirudi kutoka ng'ambo na kinga ya kiwandani: plastiki ngumu juu, sponji nyepesi chini, mikanda ya kubana mgongoni. "Mwanangu, vua hiyo godoro," alimwambia mbele ya watu. "Nimekuletea kitu ya maana." Kamene alikuwa amekaa palepale, na chupa ya chai ya mwanawe mapajani. Tangu siku hiyo hakuuliza lolote. Kinga ya ndani haionekani, kwa hiyo alilitazama shati. Kila Jumamosi aliona kifua cha mwanawe kimesimama kama sanduku, akajua amevaa ya Karen.

Marehemu hakujaliwa kuoa. Mama Shiru alikuwa ameshaanza kumtafutia mchumba. Hakuwa ametumwa.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Akiwa amelazwa alisema, "Mama, kwa programu ya mazishi muandike Mama Shiru kati ya wamama wangu."

"Kwani uko na wamama wangapi?"

"Wa kunizaa ni mmoja."

"Na huyo?"

"Huyo ni wa kuniletea plastiki." Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kamene hakumwahidi kitu.

Alituacha asubuhi ya tarehe 9 Julai 2025.

Kamene alipofungua mkoba wa mwanawe kutafuta nguo za kumvika, alikuta ile kinga ya kiwandani imebaki sponji na mikanda tu. Plastiki zote Wambua alikuwa amezihamishia ndani ya kinga ya mamake, akazishikiza kwa uzi mnene wa makochi. Ndiyo aliyokuwa akivaa muda huo wote. Mabawa ya mabega hakuyagusa, wala kile kipande cha chini ya koo.

Amevikwa hiyo leo, chini ya shati lake la uamuzi. Msiitafute kwa macho; haionekani.

Ameacha mama yake, Kamene; dada yake, Kasyoki; na mama yake wa Karen, Nyakio Kihara, ambaye anaombwa asogee kiti cha mbele, upande wa kushoto. Cha kulia kina mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Wambua. Hakuna atakayekuambia uvue tena.