Sindano ya Mama Jae-ho

Marehemu Ok Bun-rye, ambaye sokoni tulimwita Mama Jae-ho, alizaliwa katika mji wa Beolgyo, Korea, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mzee Ok Man-sik. Mwaka 1962 alimaliza darasa la sita, akaambiwa basi, sasa zamu ya kaka zake. Alilia siku mbili, kisha akashika sindano.

Alishona mablanketi ya maharusi kwa miaka arobaini. Tena mtu akivimbiwa, alikimbilia kwake: anakukanda mgongo, anakufunga gumba kwa uzi, anachoma sindano karibu na ukucha. Damu nyeusi ikitoka, unacheua. "Umekula kama unafukuzwa!" atakugombeza. Nani hapa hakuchomwa?

Mwaka 1971 aliolewa na Ma Gil-su, dereva wa lori, wakajaliwa Jae-ho. Yeon-hui, mke wa Jae-ho, alifundishwa kuchoma sindano na mama mkwe mwenyewe.

Oktoba 2022 tumbo lilimvimba Mama Jae-ho, akatapika, upepo ukakataa kutoka. "Nimevimbiwa tu. Nichome," alisema. Yeon-hui akamchoma siku tatu, vidole vyote kumi. Siku ya nne alibebwa hadi hospitali. Madaktari walikuta uvimbe wa nadra kwenye kidole tumbo, nao umeziba utumbo. Baada ya upasuaji tulikaa kungoja ajambe, maana ndipo tungejua utumbo umeamka.

"Mama, bado?" Yeon-hui aliuliza.

"Ukitaka upepo, nenda ufukweni!"

Siku ya tano ulitoka, wodi nzima ikapiga makofi. Yeon-hui alikwenda kulia nje. Daktari alimwambia uvimbe ule ulikuwapo muda mrefu, hakuuleta yeye. Wapi! Hakutaka kugusa sindano tena.

Uvimbe ulirudi. Tarehe 13 Februari 2024 Mama alimnyooshea Yeon-hui gumba.

"Nichome."

"Mama, haisaidii."

"Najua, mwanangu. Hata siku ile nilijua. Niliogopa hospitali, nikajificha mikononi mwako. Kosa ni langu, usinibebee."

Yeon-hui akafunga uzi, akachoma huku akitetemeka. Mama akajilazimisha kucheua. "Afadhali," akasema.

Alifariki Ijumaa, tarehe 16, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mumewe Gil-su, mwanawe Jae-ho, mkwewe Yeon-hui na wajukuu wawili, So-dam na Han-gyeol.

Mzee Gil-su hajameza hata kijiko cha uji tangu Ijumaa; anasema amevimbiwa. Leo asubuhi Yeon-hui alimkanda mgongo, akamfunga gumba, akachoma. Lala salama, Mama. Mkono wa Yeon-hui haukutetemeka.