Emérence Nsimire: Viti Vilifika Mumosho, Yeye Hakufika Kamituga

Emérence Nsimire alizaliwa Burhale, upande wa Walungu, tarehe 3 Agosti 1981. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Jean-Baptiste Cishugi, fundi mwashi, na maman Lucie, ambaye yupo nasi hapa leo.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Burhale, kisha akaja Bukavu kwa shangazi yake, mtaani Kadutu, ambako alimaliza sekondari mwaka 2000 na masomo ya biashara mwaka 2004. Walimu walimwona mbishi. Yeye alisema si ubishi, ni kutaka kuonyeshwa.

Kazi aliianzia bandarini, kwa wakala wa forodha, akajifunza jinsi mzigo unavyokwama na jinsi unavyokwamuliwa. Mwaka 2016 shirika la Hatua, linalohudumia wakimbizi wenye ulemavu, lilimkabidhi depo yake ya Bukavu, awe logisticienne, msimamizi wa mizigo. Shehena yake ya kwanza ilikuwa viti vya magurudumu vya kupeleka kwa wakimbizi wa Mumosho, vizuri, vinavyong'aa, vilivyojaribiwa juu ya sakafu ya sima, saruji kavu. Mumosho mvua ilikuwa imenyesha. Kiti cha Virginie, mkimbizi kutoka Burundi aliyepoteza mguu, kilizama matopeni mbele ya watu wote.

"Maman," Virginie alimwambia, "hiki kiti iko ya mezani. Kama ni vile, lete na meza, lete na sombe, tukule."

Emérence alicheka pamoja na wengine, kisha akavirudisha viti vyote. Tangu siku hiyo, kila aina ya kiti iliyoingia depo aliikalia kwanza yeye mwenyewe, akateremka nayo vilima vya Kadutu wakati wa mvua. Akina mama wa sokoni walimpigia kelele: "Logisticienne, breki!"

Tarehe 27 Desemba 2008 alifunga ndoa kanisani na Pascal Wakilongo, mwalimu, mzaliwa wa Kamituga. Walijaliwa watoto wawili, Chancelle na Hugues.

Januari 2025, vita vilipokaribia, Pascal aliwapeleka watoto Kamituga kwa mama yake, akabaki nao huko. Emérence angewafuata depo ikishakuwa tupu. Viti na miguu ya bandia vilikuwa vimeingia karibuni, kila kimoja kwa vipimo vya mtu aliyekuwa akikingoja Mumosho. Mguu uliotengenezwa kwa ajili ya Virginie haukumfaa mtu mwingine yeyote. Februari mji ulibadilisha utawala. Wenzake wa kazi waliondoka, uwanja wa ndege ukafungwa, malori yakasimama. Yeye alibaki na funguo.

Mdogo wake, Sophie, aliyeishi naye, alizisikia simu za siku zile.

"Emé, toka kule," Pascal alisema. "Njia ya Mwenga ya kuja huku ingali wazi."

"Na depo?"

"Depo haikukuzaa. Watoto wanakuuliza."

"Nikifunga leo, kesho watavunja. Virginie atatembelea nini? Unipe muda kidogo tu."

"Kidogo yako naijua, mimi."

Alivifungua viti vipande vipande. Magurudumu yalipanda moto moja, yaani pikipiki, vyuma moto nyingine. Miguu ilizungushiwa vitenge ikasafiri ndani ya vikapu vya wachuuzi. Kwenye kizuizi kimoja, dereva wa moto aliulizwa amebeba nini.

"Muguu, chef."

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe. Iko anaingojea."

Walicheka, wakampisha. Mumosho, fundi Mardochée aliunganisha kila kitu upya. Mwisho wa Mei depo ilikuwa tupu, na Virginie akapiga simu: "Maman, nimesimama. Sasa weye enda kwa bwana yako." Lakini mapigano yalikuwa yamekwisha kukata njia ya Mwenga.

Maumivu ya tumbo alikuwa nayo tangu Machi, na aliyaficha. Mwezi wa Juni familia ilimvusha mto Ruzizi hadi Rwanda, na daktari wa ng'ambo akasema saratani imeshaenea. Alirudi Bukavu, na kuanzia hapo aliomba jambo moja tu: Kamituga. Aliwapigia madereva, wachuuzi, wenye moto, wote waliowahi kubeba mizigo yake. Wote walimjibu kwamba imebaki njia ya porini tu, na safari ile ingemuua.

"Nilipitisha vyote vile," alimwambia Sophie, "nashindwa kujipitisha mimi."

"Weye hauko kiti, yaya," Sophie alimjibu dada yake.

"Ningekuwa kiti, mungenifungua vipande, nikafika."

Pascal alitaka kuja. Alimkataza. "Wakikushika njiani, watoto watabaki na nani?" Walibaki na simu, siku ambazo reseau, mtandao wa simu, ilikuwepo.

Emérence alifariki nyumbani, Kadutu, mchana wa tarehe 22 Januari 2026. Simu ilikuwa sikioni mwake. Chancelle alikuwa akimsimulia habari za shule, na aliendelea kusimulia mpaka Sophie alipoichukua simu.

Ameacha mama yake, Lucie. Mdogo wake, Sophie. Mume wake, Pascal, na watoto wao, Chancelle na Hugues. Hao watatu wako Kamituga saa hii, na sala hizi wanazisikia kwa simu. Pascal ametuomba jambo moja: "Musimwage sima juu ya kaburi. Mutungoje."

Familia imekubali. Kaburi litabaki la udongo mpaka mume na watoto wafike, nao watie udongo wao kwa mikono yao. Emérence apumzike kwa amani, na njia ya Mwenga ifunguke.