Wamemtoa Kikohozi

JUDICA: Haloo. Nani huyo? Sema haraka, nina ndizi mkononi.

RIYADHI: Shikamoo, bibi.

JUDICA: Marahaba. Nani lakini?

RIYADHI: Ni mimi Riyadhi. Wa Bukoba, wa Hamugembe.

JUDICA: Riyadhi wa duka la fotokopi? Yule namba yake ninayo. Hii ngeni.

RIYADHI: Ile ilikuwa laini ya kazini, bibi. Waliichukua pamoja na simu.

JUDICA: Waa. Jina walikuachia?

RIYADHI: [anacheka kidogo] Jina nimebaki nalo.

JUDICA: Basi shukuru. Hafidha hajambo?

RIYADHI: Hajambo, anakusalimu. Muleba mko salama?

JUDICA: Tupo. Mvua haikatiki, nyumba inanuka mbwa aliyelowa. Sema sasa, maana nimeweka sauti kubwa, mikono imejaa utomvu.

RIYADHI: Spika? Bibi, huwezi kuizima kidogo? Ni jambo la—

JUDICA: Hapa yuko Georgina tu, jirani. Anachambua maharage. Ni kiziwi huyu.

RIYADHI: Aa.

JUDICA: Anasema si kiziwi.

RIYADHI: Shikamoo, Mama Georgina.

JUDICA: Ameitikia. Haya. Kwa nini wamekunyang'anya simu, uliiba?

RIYADHI: Wamepunguza watu. Mimi na mchoraji na wale wawili wa kuandika. Tangu mwezi uliopita.

JUDICA: Kumbe ule mchezo wako wa msafara hauuziki.

RIYADHI: Unauzika. Mwaka huu umeuzika kuliko mwaka wowote.

JUDICA: Sijaelewa.

RIYADHI: Umeuzika, lakini haukufikia lengo.

JUDICA: Lengo la nani?

RIYADHI: La wenye kampuni.

JUDICA: Yaani ng'ombe anatoa maziwa ndoo mbili, wewe uliota ndoo tatu, asubuhi unamchinja. Georgina, umesikia? [kimya] Anasema huko kwao hata mlevi hafanyi hivyo. Si wale vijana wa Dar uliowauzia? Yule mwenye miwani alikula matoke hapa kwangu, akaomba ya kubeba.

RIYADHI: Wale walinunuliwa, bibi.

JUDICA: Wao wenyewe?

RIYADHI: Kampuni yao, ilinunuliwa na kampuni ya nje. Halafu ile ya nje nayo, mwaka jana, ikanunuliwa na nyingine.

JUDICA: Nayo inatengeneza michezo?

RIYADHI: Hapana, ile ina... ina nyumba za kutunzia wazee. Na maegesho ya magari. Na chakula cha mbwa.

JUDICA: Chakula cha mbwa.

RIYADHI: Na michezo. Mchezo wetu uko humo humo.

JUDICA: Na mwenye hiyo ni nani?

RIYADHI: Ni mfuko. Mfuko wa uwekezaji, yaani fedha za watu wengi zinakusanywa—

JUDICA: Georgina anauliza kama ni wa rambo, ule wa plastiki. Mifuko hiyo serikali ilishapiga marufuku.

RIYADHI: Bibi, jamani.

JUDICA: Nauliza na mimi. Nikipanda ngazi yote hiyo mpaka juu, nakuta mtu wa kumwamkia?

RIYADHI: Hukuti.

JUDICA: Hakuna hata mmoja mwenye mama.

RIYADHI: Kuna bodi. Kuna mkurugenzi, lakini wanambadilisha—

JUDICA: Nikitaka kutukana nitamtukana nani? Mtu anahitaji uso wa kutukana. Subiri niteme mate. [anatema] Endelea.

[mtandao unakwaruza]

RIYADHI: Unanisikia?

JUDICA: Nakusikia kama uko ndani ya debe. Endelea.

RIYADHI: Basi, nilikuwa nataka kuongea na wewe kuhusu babu. Kuhusu Mzee Mutembei.

JUDICA: Ee.

RIYADHI: Sijui kama umeona toleo jipya la mchezo—

JUDICA: Nimeliona. Annastella, mjukuu wangu, alikuja Jumapili na simu yake, mpaka leo yuko chumbani. Akaniambia bibi kaa chini. Nikakaa. Akabonyeza, nikamsikia mume wangu.

RIYADHI: Pole, bibi. Nilitaka nikwambie mimi kabla—

JUDICA: Mtu tumemzika nyuma ya migomba, mwaka wa pili huu, kaburi naliona hapa nilipokaa. Akasema, "Wapendwa wasafiri, jiungeni leo." Wapendwa! Mutembei hakusema wapendwa hata kanisani. Mimi mke wake aliniita "wewe". Miaka yote, "wewe".

RIYADHI: Ni tangazo. Maneno wanaandika wao, kompyuta inasema kwa sauti yake.

JUDICA: Na wamemtoa kikohozi.

RIYADHI: Programu inasafisha sauti.

JUDICA: Nani aliwaambia ni uchafu? Wewe ulikuwapo pale mezani, dukani kwako, kila Alhamisi. Sisi wanne tunatupa dadu, wewe unatusimulia njia, kila mmoja na mtu wake wa hadithi. Mimi mwenye chumvi, Kemilembe mtoza ushuru, Georgina mganga wa uongo—

RIYADHI: Na babu alikuwa Kashumba, kiongozi wa msafara.

JUDICA: Asiyejua njia. Na kila Kashumba alipotaka kudanganya, Mutembei alikohoa kwanza. "Daraja hili ni imara," halafu koho-koho. Kemilembe hata dadu hakutupa, alisikia kikohozi akarudisha wapagazi wake nyuma. Ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Sasa huyu wa kwenye simu anadanganya laini kama siagi. Mtu atajuaje?

RIYADHI: Nilimwambia bosi. Nilimwambia kikohozi ni sehemu ya mchezo.

JUDICA: Akasemaje?

RIYADHI: Kwamba wanunuzi watadhani ni mgonjwa.

JUDICA: Na ile picha? Kashumba ni mguu mmoja mfupi na anaogopa vyura. Wamempa misuli. Kifua kama gunia la kahawa, na upanga. Upanga wa nini? Angejikata.

RIYADHI: Utafiti wao unasema watu hawataki kiongozi mwoga.

JUDICA: Mutembei alimtengeneza mwoga makusudi, ili wengine tuwe na kazi. Kiongozi akijua kila kitu sisi tulikuwa tunakaa pale kwa ajili ya nini, soda? Na kumtumia huyo mwenye misuli nasikia unalipa kila mwezi kama king'amuzi. Usipolipa?

RIYADHI: Anafungwa. Mpaka ulipie.

JUDICA: Mume wangu anafungwa. Sasa niambie. Sauti waliitoa wapi?

RIYADHI: Bibi, mtandao huku—

JUDICA: Mtandao mzuri. Waliitoa wapi?

RIYADHI: Ile rekodi ya Krismasi. Nilikuwa nayo kwenye simu.

JUDICA: Ile anayombembeleza mwenye chumvi?

RIYADHI: Ndiyo.

JUDICA: Kwenye simu waliyokunyang'anya.

RIYADHI: Hapana. Sikunyang'anywa hiyo. Niliipeleka mwenyewe, kabla ya kupunguzwa. Walisema ni ya majaribio tu, na mimi nilidhani... Nilidhani wakiona nimeleta kitu wataniacha kazini.

[sauti ya kisu kwenye ndizi]

RIYADHI: Bibi?

JUDICA: Namenya ndizi. Endelea, hujamaliza. Mtu hapigi simu mchana, bei yote hiyo, kuja kusema nimekosa.

RIYADHI: Dakika moja ile haiwatoshi. Inatoa maneno machache, sauti inachoka. Wanataka zaidi. Wanajua babu alirekodi Alhamisi zote kwenye memori kadi yake, na wanajua iko kwako.

JUDICA: Wanajua? Mbwa wao amenusa?

RIYADHI: Niliwaambia mimi.

JUDICA: Ahaa.

RIYADHI: Ukikubali wanakulipa, bibi, vizuri tu. Na mimi wananirudisha. Wameshaandika. Fremu ya duka nimeirudisha kwa mwenyewe, mashine ya fotokopi nimeuza, Hafidha anakaanga mihogo pale karibu na msikiti ndiyo tunakula. Siku hizi haniulizi hata naenda wapi.

JUDICA: Pole.

RIYADHI: Na babu angeendelea kusikika. Watoto wa Dar, wa Nairobi, wangemsikia—

JUDICA: Akisema nini?

RIYADHI: Hadithi. Misafara mipya.

JUDICA: Zinaandikwa na nani? Si umesema waandishi mmefukuzwa?

RIYADHI: Kompyuta itaandika.

JUDICA: Kompyuta inaandika, kompyuta inasema, na mfuko unakula. Na kesho watampa biskuti za mbwa azisifie. "Wapendwa, mbwa wako atazipenda." Kwa sauti hiyo hiyo iliyokuwa inaniuliza kama mlango nimefunga. Mwanangu, nasikia kichefuchefu. Kweli. Kama mtu aliyeuma senene aliyeoza.

RIYADHI: Najua. Hata mimi.

JUDICA: Wewe umekula na kumeza.

[mtandao unakwaruza]

JUDICA: Siku tulipoanua matanga ulikuwepo?

RIYADHI: Nilikuwepo.

JUDICA: Ukoo ulikaa, wakamtaja mwanangu Kagaruki kuwa omusika, mrithi wa kibanja. Sawa. Jioni tukabaki sisi wa mezani. Ukasema tumuue Kashumba kwenye hadithi, aanguke mtoni, tumzike tuendelee. Nani alikataa?

RIYADHI: Wewe. Ulisema mtu ana mrithi.

JUDICA: Halafu?

RIYADHI: Mkanikalisha kwenye kigoda chake. Mkanipa kofia na fimbo, wewe ukachukua usimulizi. Bibi, ule ulikuwa utani.

JUDICA: Ulikuwa utani. Shemeji yangu Yoeli alinuna, akasema Mwislamu wa Hamugembe anarithi nini kwa Walutheri wa Muleba. Nikamwambia anarithi mguu mfupi na uoga wa vyura, unavitaka wewe? Tukacheka sana. Na wewe ulilia.

RIYADHI: Nililia.

JUDICA: Mrithi wa kwetu anapewa kibanja na kaburi likiwa ndani. Ndizi ni zake, kahawa yake, ale, auze, anywe. Kaburi analipalilia. Hajatokea aliyelipeleka sokoni. Sasa sikiliza. Ile kadi si yangu.

RIYADHI: Ni ya nani?

JUDICA: Ya mrithi wa Kashumba. Nimekaa nayo kwenye kopo la chumvi tu kwa sababu hukuiulizia. Naifunga kwenye kitambaa, Annastella anaipeleka stendi, magari ya Bukoba yanapita muda wote. Ipokee. Wape hao. Sitakulaumu, wala kwa Hafidha sitasema neno.

RIYADHI: Bibi, unanitania.

JUDICA: Umenisikia nikikohoa? Annastella! Shusha lile kopo.

RIYADHI: Subiri kwanza, tuongee—

JUDICA: Tumeongea. Una mke, unahitaji kazi. Hiyo si dhambi. Ameshashusha. Funga hapo, mama, piga fundo. Mwambie konda ni ya Riyadhi wa fotokopi, ataipokea mwenyewe.

RIYADHI: [anahamishia simu sikio la pili]

JUDICA: Anavaa viatu. Viatu vya watoto wa siku hizi, kamba kama wanafunga hema.

RIYADHI: Bibi.

JUDICA: Naam. Amesimama. Yuko mlangoni, anafungua mwavuli.

RIYADHI: Usitume.

JUDICA: Ee? Mtandao huu.

RIYADHI: Usitume, bibi.

JUDICA: Unakatika. Georgina naye hajasikia.

RIYADHI: Nimesema usitume kadi. Ikinifikia mkononi nitawapa. Najijua, nitawapa kesho asubuhi. Usiitume kabisa.

JUDICA: Annastella, rudi ukae. Vua viatu.

RIYADHI: [anavuta pumzi]

JUDICA: Unalia tena?

RIYADHI: Hapana. Hafidha nitamwambia nini? Haulizi, lakini asubuhi alikaa mlangoni, anasubiri jibu.

JUDICA: Mwambie kikongwe wa Muleba ni mkaidi, amekataa. Na hao wa mbwa waambie hivyo hivyo. Tia chumvi, sema nilikutukana. Mimi sina kazi ya kupoteza.

RIYADHI: Lakini hukukataa.

JUDICA: Nilikataa tangu Jumapili, wewe ndiye uliyechelewa kupiga. Sasa nataka kukuuliza, Alhamisi unakuja? Msafara umekwama hapa kwangu sebuleni wiki ya tatu. Kemilembe anapanda basi kutoka Kashozi kila mara, tunatazamana. Bila Kashumba hatuna wa kutupoteza.

RIYADHI: Si mchezo ni wa kampuni sasa? Jina, ramani, vyote. Kisheria hata kucheza nyumbani bila kulipia—

JUDICA: Waje wanikamate. Wanitumie huo mfuko, nitauwekea maharage.

RIYADHI: [anacheka] Nauli sina, bibi.

JUDICA: Kagaruki anashusha kahawa Bukoba Alhamisi, anarudi na pikapu tupu. Umngoje pale njia panda. Na mlete Hafidha, nimkalishe jikoni nimwambie mwenyewe jinsi nilivyokutukana.

RIYADHI: Bibi, salio linaisha, wameshatuma ujumbe—

JUDICA: Nani, wa mbwa?

RIYADHI: Wa mtandao wa simu. Sekunde—

JUDICA: Basi sema, unakuja au huji?

RIYADHI: Nakuja. Lakini bibi, ile dakika moja ya Krismasi. Ile wanayo. Hata nikiomba hawawezi kuirudi—

JUDICA: Haloo? Riyadhi? [kimya] Imekatika, Georgina.

[Georgina anasema kitu]

JUDICA: Nimemsikia, ndiyo. Ile moja ndiyo imekwenda. Basi, sogeza sufuria, tuweke chakula motoni.