Kwa Nini Nyumba Ililishinda Jembe

Kijiwe chetu kiko barazani kwa Sadru, mwenye duka la misumari na vyuma pale sokoni Handeni, na kwa maneno hakuna bunge linalotuzidi. Asubuhi ile ya Oktoba, mwaka wa sabini na tano, siku nne baada ya uchaguzi, kahawa ya Mbwana ilikuwa haijapoa na tayari watu watatu walikuwa wakisema kwa mpigo. Wagombea wote wawili walikuwa wa chama kimoja, kama ilivyokuwa desturi. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Bwana Jembe alikuja na gari akahutubia mpaka tukasinzia. Bwana Nyumba alikuja na baiskeli, akakohoa, akaomba kura, akaenda zake. Kwenye kituo chetu, wanapopiga kura watu wa mji pamoja na wa kijiji kipya cha ujamaa hapo jirani, Nyumba alipata kura mia nne na kumi na mbili, Jembe tisini na saba.

Asiyecheka alikuwa Mhina peke yake, katibu wetu wa tawi. Mkubwa mmoja aliyempenda Jembe alikuwa amemtaka aandike kabla ya adhuhuri kwa nini watu walipiga kura vile, na amtaje mchochezi. Asipopatikana mchochezi, basi na ukatibu kwaheri. Na Mhina aliupenda ukatibu kuliko wali wa nazi.

— Andika hivi, alisema Semboja, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi ni wakulima. Tungelichaguaje jembe?

— Redio, methali hiyo haina maana hiyo.

— Ina maana mbili. Nyingine ndiyo hii.

Sadru alisema kosa ni la majembe yenyewe: yaliyoletwa mwaka ule yalipinda hata kwenye mchanga, na mtu aliyepindiwa na jembe halipi kura. Simeo akamkatiza. Simeo ni mkata tiketi wa mabasi, lakini aliwahi kutoa ushahidi mahakamani, kwa hiyo tunamwita Jaji. Yeye aliapa kwamba wanawake walikula njama kisimani, kwa sababu jembe humkumbusha mke shamba la mumewe, na nyumba ni yake.

— Wote hamjui, alisema Redio, sasa amesimama. Aliyechora zile picha ni Msambaa wa Korogwe. Katuchorea jembe la kilimani, mpini mfupi kama kijiko. Mzigua gani atalishika hadharani?

Tulicheka mpaka Mbwana akamwaga kahawa. Mimi mwenyewe niliongeza la kwangu, kwamba pale kituoni jua lilipiga upande wa jembe na kivuli kikaangukia nyumba, nikaungwa mkono na wengi. Mhina aliandika yote, akayafuta yote.

— Nataka jina, alisema. Haya ni maneno.

Hapo Jaji akageuza shingo polepole. Akasema anayeuza misumari na bawaba ndiye apendaye watu wafikirie nyumba. Alisema kwa mzaha, lakini Sadru aliacha kutabasamu, na kalamu ya Mhina ikasimama juu ya karatasi. Niliogopa, nasema kweli. Mzaha wa kijiweni ukishaandikwa si mzaha tena.

Ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, vumbi mpaka magotini, akauliza kama huyu ndiye katibu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kukaa.

— Nimetoka kijiji kipya, alisema. Mwaka jana mlitupakia kwenye lori, mkatuambia huku kuna shule na bomba. Shule nimeiona. Nyumba yangu imebaki kule bondeni, kuta zimesimama, na kinu changu kimo ndani.

— Mama, uchaguzi umekwisha, alisema Mhina.

— Najua. Ndiyo maana nimekuja. Nilipoona ile picha niliwaambia wenzangu kwenye foleni: jamani, leo tumeulizwa. Tukajibu, sote. Sasa nyumba imeshinda. Tunarudi lini?

Nilitamani mtu amwambie kwamba ile ilikuwa alama tu, na nilijua hakuna atakayethubutu, maana alikuwa ametembea tangu alfajiri na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha ya mshindi.

— Kama jibu halipo leo, alisema, basi niandike hapo kwenye karatasi yako, waje waniite. Mimi naitwa Hamisa binti...

— Wino umekwisha, mama, alisema Mhina, akaifunga kalamu.

Kalamu ile aliijaza mbele yangu, asubuhi ileile.