Mbuzi Ndefu Tulizoomba

Risala ya Kikundi cha Tui la Kwanza, Timbwani, Likoni. Msomaji: Fancy Ziro, katibu.

Mgeni rasmi, Bwana Clifford Kioko, mkurugenzi wa Mfuko wa Jitihada. Mzee wetu wa mtaa, Bwana Munga. Jirani zetu wa Kikundi cha Mwamko mnaotusikiliza kutoka upande wa pili wa uzio. Mabibi na mabwana: asalamu alaikum, na Bwana asifiwe.

KARIBU

Ulipoingia hatukusimama sote kwa pamoja. Tunaomba radhi, haikuwa dharau. Baadhi yetu tulianza kuinuka gari lako lilipokata kona, na tukamaliza ulipokwisha kuketi.

Tunajua leo umekuja kuwazindulia jirani zetu mashine yao ya pili, na kwetu umepita njiani. Tumefurahi umepita. Lakini tungekuwa waongo tukisema hatukuyaona yale maputo langoni kwao.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzia kwenye baraza ya Mama Mwanatatu, mwenyekiti wetu. Alikuwa na mbuzi moja tu ya kukunia nazi, ile aliyotoka nayo kwao alipoolewa. Tukajiunga naye, wenyeji wa hapa na wake wa wafanyakazi wa bandari ya Kipevu waliotoka bara, kila mtu na mbuzi yake. Tunakuna, tunachuja, tunauza tui kwa mikahawa na kwa wapishi wa shughuli, hadi ng'ambo ya feri.

MAFANIKIO

Watoto wetu wanasoma. Tui letu halijawahi kurudishwa kwa kuchacha. Kuna wengine hawawezi kusema hivyo, ila leo si siku ya kuwataja.

KAZI YENYEWE

Mgeni rasmi, mbuzi yetu ni kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma mbele. Unakikalia ukiwa karibu na ardhi, magoti yamepanuka, mgongo umekunjwa, shingo imetangulia. Mikono miwili inashika kizio cha nazi na kukizungusha kwenye meno ya chuma. Kwa nazi moja ya nyumbani hakuna neno. Kwa magunia, kutwa nzima, mwili unasahau kunyooka.

Katibu wetu, huyu anayekusomea, alisomea usalama kazini chuoni. Aliporudi nyumbani aliogopa kuwaambia mama zake kwamba wanakaa vibaya, kwa sababu hakuwa na pa kuwakalisha vizuri. Tulifanya tulichoweza. Tunapumzika kila gunia likiisha, tunapokezana kukuna na kuchuja, na aliyebeba gunia hakai kwenye mbuzi papo hapo. Imesaidia kidogo. Bado vifundo vya mikono vinawaka moto usiku, na mwenzetu Mama Nasreen hawezi kujifunga kitambaa cha kichwa bila binti yake.

Mama Mwanatatu sasa anaswali kwenye kiti, mgongo umebaki umeinama. Tukimpa pole anacheka. "Mimi nimeshapewa rukuu ya kudumu," anasema. Sisi hatucheki.

HABARI YA MBUZI

Mwaka juzi afisa wa Mfuko, kijana mpole aliyekuwa mgeni wa pwani, alikuja kutuuliza tunahitaji nini. Mama Mwanatatu akamjibu, "Twataka mbuzi ndefu, mwanangu. Hizi za chini zatumaliza."

Kijana akaandika. Siku hiyo hiyo alivuka uzio, akamuuliza Janice, mwenyekiti wa Mwamko, ambaye kwao ni bara. Janice akasema, "Mashine ya kukuna."

Jirani zetu walipata mashine juu ya meza. Sisi tulishushiwa mbuzi wa maziwa, wenye kwato na ndevu. Hatuwezi kulaumu, walikuwa warefu kweli. Tumewatunza, wanakula machicha ya nazi zetu. Lakini baada ya kuinama kutwa tunainama tena kuwakamua.

Sisi ambao hujisifu kwamba Kiswahili ni cha kwetu, kimetuponza, na wenzetu tuliokuwa tukiwasahihisha wanakuna wamesimama. Tunawaona kupitia uzio. Wanajinyoosha, wanapiga soga wakitazamana usoni, jioni wanatoka wakitembea kama wanaokwenda arusini. Mgeni rasmi, tunawaonea wivu. Tumejaribu kuuita jina jingine, tumeshindwa.

JAMBO LILILOTULETA HAPA

Mwezi uliopita muuguzi alimwambia Mama Mwanatatu aache kabisa kukalia mbuzi. Habari ikavuka uzio. Janice akaja mwenyewe.

"Shikamoo, Mama. Hamia kwetu. Kwetu hakuna kuinama."

Mama Nasreen akadakia, "Mashine mmepata. Sasa mwataka na mwenyekiti?"

"Mwenyekiti wenu anaumwa, dada."

"Sisi twajua anaumwa. Sisi ndio twamchua."

Mama Mwanatatu akawanyamazisha. "Msinigombanie kama kanga ya mnada. Mgongo ni wangu." Kisha akamwambia Janice atampa jibu leo, akishakusikia wewe.

OMBI LETU

Hatuombi mashine. Tunaomba meza imara, zenye ndimi za chuma juu, ili tukune tumesimama au tumekalia kiti chenye mgongo. Fundi Tsuma wa hapa mtaani ameshatupima. Kila meza ifike kwenye kiwiko cha mwenyewe, kwa kuwa vimo vyetu si sawa. Mbao na fundi vipo Likoni. Kinachokosekana ni Mfuko wako kukubali, na safari hii afisa aandike neno meza.

Ukikubali, mwenyekiti wetu atabaki. Ukisema haiwezekani, tutamsindikiza wenyewe hadi langoni kwa jirani, kwenye maputo. Hatutamnunia, na Janice tutamshukuru, ingawa itatuchukua siku kadhaa. Mbuzi yake ya arusi itabaki hapa. Kule hatakuwa na haja nayo.

Tunaomba usiondoke upesi ukishajibu. Tunataka kusimama kukuaga, na tunahitaji muda.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie mgongo wako, akujaalie kuinama kwa hiari yako na kuinuka bila kushikwa mkono.

Ni sisi,
Kikundi cha Tui la Kwanza, Timbwani.